Matone ya Kijani Chini ya Gari Langu

Gari langu lilianza kuvuja wiki ileile niliyomwahidi baba, kwa mara ya tatu, kwamba nitampeleka Arua. Dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye, alikuwa ametolewa hospitali na kurudishwa nyumbani, na waliomrudisha hawakumpa tarehe ya kurudi kwa daktari. Safari ya basi baba haiwezi. Nyonga zake hazikubali kukaa kiti kimoja siku nzima. Kwenye gari langu tungesimama kila anapotaka. Bila gari hilo, safari hakuna, ndiyo maana nilisonya nilipoona doa la kijani kwenye sementi ya uani kwetu Kyambogo.

Fundi wangu nilikuwa nimeshagombana naye. Mwaka jana aling'oa kidhibiti joto cha injini bila kuniuliza, akanieleza kwamba huku kwetu ni joto, kile ni cha Wazungu. Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Kazi yangu ni maabara, chuoni, kupima na kuandika. Mpira wa maji unaovuja ungenishinda vipi.

Injini ilipopoa nikajaza kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta, nikapiga mstari wa kalamu kwenye chupa yake, nikatandaza boksi chini ya gari. Kesho yake boksi lilikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Nikafungua boneti: kulanti ipo palepale kwenye mstari. Siku ya pili hivyohivyo, chini kumelowa, juu kumejaa. Nikabana klipu zote za mipira, nikachubuka vidole viwili. Siku ya tatu vilevile. Nilitamani kulipiga gari teke, na nikalipiga.

Nikameza kiburi nikampigia fundi.

"Maji haipungui kabisa?" akauliza.

"Haipungui."

"Basi madamu, hiyo si rejeta. Hiyo ni maji ya eisi, ile ya kupoza hewa ndani."

"Eisi yangu ilikufa zamani."

"Labda imefufuka," akasema. Nikakata simu.

Baba alikuwa kibarazani na tasbihi yake, akinitazama nikitoka chini ya gari na vumbi kichwani. Kila siku aliuliza kama Jumamosi tunaenda, na kila siku nilimjibu kwa ukali kwamba sijui. Nilikuwa nachoka, na uchovu wote nilimtupia yeye.

Siku ya nne nikachovya kidole kwenye doa. Rangi ilikuwa imepauka, karibu maji matupu. Kulanti haipauki yenyewe. Kuna mtu alikuwa anaongeza maji.

Asubuhi iliyofuata nikasimama kwenye dirisha la jikoni kabla hakujapambazuka vizuri. Baba alimaliza kuswali, akachukua birika lake la udhu, akatoka taratibu. Akafungua boneti kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia gari asianguke. Akamimina, akainama, akatazama mstari wangu wa kalamu kwa jicho moja, akaongeza tena kidogo. Kisha akaifunga boneti kwa kuikandamiza polepole, isipige kelele.

Nikatoka na kanga yangu ya kulalia. "Baba, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Gari lazima inakunywa maji asubuhi, mama. Jeshini hiyo ni amri." Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na malori ya jeshi aliyaendesha mpaka alipostaafu.

Nikalipuka. Nikamwambia nimelala kwenye sementi siku nne, nimetafuta tundu kila mahali, na yeye amekaa pale akiniona nahangaika, hasemi neno.

"Nikisema, wewe utasema gari iko mgonjwa, safari hapana," akajibu. "Ya kwanza ulisema kazi. Ya pili ulisema mvua iko mingi. Hii ya tatu sikutaka upate sababu." Akaelekeza birika kwenye mlango wa chumba chake. "Maji ya njiani nimeshajaza. Jerikani tatu."

Kazi haikuwa nyingi kiasi hicho, wala mvua. Shangazi huyo ndiye aliyenilea kwenye kambi ya jeshi baba alipokuwa akitumwa huku na kule, na niliogopa kumkuta amelala, amekonda, mikono yake haiwezi kitu. Kila nilipopata sababu ya kutokwenda nilipumua. Hata lile doa la kwanza, pamoja na kusonya kwangu, kuna upande wangu uliolipokea kwa furaha. Niliona aibu mbele ya baba.

Siku hiyo nikamkataza kugusa boneti. Bila maji yake, kulanti ilishuka chini ya mstari mchana huohuo. Nikawasha injini, nikafuata unyevu kwa tochi ya simu mpaka kwenye mpira wa chini wa rejeta. Ulikuwa umepasuka ndani ya klipu, na fundi wangu alikuwa ameupaka gundi juu badala ya kuubadilisha. Nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Nakivubo kununua mwingine. Wakanipa wa gari jingine, wakaapa ni wenyewe. Nikarudi tena kwa boda, nikiwa nimeushika ule wa zamani mkononi ili wasinidanganye, na safari hii ukaingia.

Jumamosi saa tatu asubuhi boksi lilikuwa kavu na chupa imejaa kijani kitupu. Baba akampigia dada yake, wakaongea kwa lugha ya kwao. Akasikiliza muda mrefu, kisha akaninyooshea simu.

"Mimi haniamini," akasema. "Anataka kusikia kwako."

Sauti ya shangazi ilikuwa ndogo, nikalazimika kuziba sikio la pili. "Wewe ndiyo unaendesha?"

"Ni mimi, shangazi."

"Mnakuja lini?"

Neno kesho lilikuwa limeshafika mdomoni. Ningelipima gari siku moja zaidi, nani angenilaumu. Baba alikuwa amesimama karibu yangu, ameshavaa viatu, hanitazami, anatazama simu.

"Tunaingia kwenye gari sasa hivi," nikasema.

Upande wa pili nikamsikia shangazi akimwambia mtu amsaidie kuinuka kitandani, akae atusubiri.