Neno Lipewe, Namba Ipewe

Tulikuwa watatu tukibuni lugha ya kuandikia programu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi Kilifi. Mimi ni mtu wa Rabai. Mwenzangu alitoka bara. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama wa Malindi, tuliyemwomba atuchagulie maneno. Laiti ningalijua!

Mambo yalikwenda vyema mpaka tulipotaka mwanafunzi aweze kukiongezea kitu uwezo ambao sisi hatukukipa. Neno, kwa mfano, lilijua kuhesabu herufi zake. Mwanafunzi akitaka lijue pia kujigeuza kinyumenyume, aandikeje? Mwenzangu akaandika ubaoni: "Neno ipewe kujigeuza."

Mwalimu akavua miwani. "Neno ipewe? Lipewe, mwanangu. Neno lipewe, namba ipewe, kitabu kipewe."

"Mwalimu, mashine haijui ngeli."

"Basi ifunzwe."

Wa kuifunza ni mimi. Nikajaribu kukwepa. Nikaleta "ongeza", kumbe tulikwisha kuitumia kujumlishia. Nikaleta "kwa", nayo ilikuwa imeshikwa na "kwa kila". Wiki tatu, kitenzi kimoja! Mwishowe nikaiacha mashine ikubali kiambishi chochote, nikadhani nimepumua.

Siku Mwalimu alipotembelea darasa, alikuta mtu ameandika "orodha kipewe" na programu inakwenda bila wasiwasi. Akanipigia simu palepale. Nilimwamkia shikamoo, marahaba ikaja kavu.

"Umewaletea watoto wa watu mashine inayosema ndiyo kwa kila upuuzi?"

Nikarudi kazini nikiuma meno. Sasa kila aina ya kitu ilibeba ngeli yake, na mwanafunzi akibuni aina mpya sharti aitaje ngeli kwanza. Ujumbe wa kosa aliutunga Mwalimu mwenyewe.

Wa kwanza kuupata alikuwa mwenzangu. Mifano yake yote ilikataa, na kioo kikamwambia: "Neno ni lipewe. Andika tena." Akaisahihisha kutwa nzima bila kunisemesha, kana kwamba ngeli nilizianzisha mimi.

Jioni Mwalimu akapiga tena. Nikatarajia ahsante.

"Na yakiwa maneno mengi? Si yapewe?"

Nilimwambia kwamba namheshimu sana, na kwamba jibu ni hapana. Akasema ataniandikia ngeli zote za wingi, nizipate kesho asubuhi.