Kalsiamu ya Mama Kulwa

Ngolo wa Madibira alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Kuhusu binadamu alijua kidogo, hasa pale wanapofanana na ng'ombe. Mkewe Veronika, Mama Kulwa, alikuwa hospitalini Mbeya, hoi kwa nimonia, anapumulishwa na mashine. Daktari alipomweleza kwamba moyo wa mama unasukuma damu kivivu, tena kalsiamu imepungua mwilini, hivyo watamtilia taratibu kwenye mshipa, Ngolo karibu acheke.

"Kumbe ni hiyo tu!"

Aliijua dawa hiyo. Ng'ombe akizaa kisha akalala asiinuke, bwana mifugo humtundikia chupa ya kalsiamu, na kabla hujamaliza kumshukuru, mnyama yuko wima anatafuta majani. Asipoinuka, hutafutwa kisu.

Nesi Severina, binti wa Iringa, alipofungua dripu, Ngolo alisogeza stuli ukutani na kuachia mlango wazi.

"Nesi, kaa mbali na miguu. Akiinuka huyu atarusha mateke."

"Nani, baba?"

"Huyu hapa. Gete, kweli nakwambia!"

Dripu ikashuka tone kwa tone, Veronika kimya. Ngolo akaona amsaidie kidogo. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi wa kuamshia zizi. Wodi nzima ya mahututi ikashtuka, isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Daktari akaja mbio, kandambili moja kaiacha njiani.

"Mzee, tumemlaza kwa dawa ya usingizi! Akisimama sasa hivi, mimi ndiye nitakayekimbia."

Severina alicheka mpaka barakoa ikamvuka. Alipogeuka akamwona Ngolo amechuchumaa, analia waziwazi bila kujali nani anamtazama. Chupa ilikuwa imekwisha na mkewe hajainuka.

"Baba, tazama kwenye kioo cha mashine, presha inapanda. Moyo umeitikia. Mtu huinuka polepole."

Ngolo hakuziamini zile tarakimu. Akawa anarudi kila saa ya kuona wagonjwa, anasimama kando ya kitanda, mpaka siku mrija ulipotolewa kooni. Veronika akafumbua macho, sauti imemkauka.

"Baba Kulwa, ng'ombe umemwachia nani?"

Ngolo akafikiri. Akafikiri tena, akaona aibu.

"Haki ya Mungu sijui. Sijawakumbuka tangu ulipolazwa."

Veronika akamkazia macho, kisha akamshika mkono mbele ya nesi.