Kumtoa Mke Mwenza Pichani

Kama kuna mtu Tabora aliyeachanisha wanandoa wengi kuliko kadhi, ni Zeyana binti Hilali wa Chemchem, tena bila shahidi hata mmoja. Alikuwa na wembe. Kaka yake Humaidi ndiye aliyepiga picha studioni na kupokea sifa zote. Zeyana alikaa nyuma ya pazia akitoa watu pichani. Bwana harusi aliyekimbia, shangazi aliyegombana na ukoo, katibu aliyevuliwa cheo, wote waliishia kwenye kopo lake la taka.

Kazi ile inataka akili. Wapumbavu huanza na nywele, wakahangaika na unywele mmoja mmoja mpaka macho yawatoke. Zeyana alitazama kwanza kipi ni chepesi. Kama nyuma ya mtu anayebaki pana ukuta mtupu, aliutoa ukuta, mtu akabaki. Penye mstari ulionyooka aliweka rula. Nywele hakuzigusa kabisa. Aliacha ukuta kidogo pembeni yake, akaupaka rangi. Na kabla ya yote alikata karatasi nyeusi yenye umbo la yule anayetolewa, akamfunika nayo, aone picha itabaki vipi. Humaidi aliuita huo uvivu. Humaidi huyo huyo aliwahi kumkata bibi harusi sikio.

Mwaka sabini na tano akaingia Koleta, mjane kutoka kijiji cha Ipole, na picha kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama," Zeyana alisema.

"Marahaba. Nitolee huyu."

Picha ilipigwa na bwana mmoja wa serikali siku watu walipogawiwa viwanja katika kijiji kipya cha ujamaa. Bwana akaenda zake na filamu yake, ikabaki nakala hiyo moja. Marehemu Masolwa amesimama kwenye kiwanja chake, na ubavuni kwake yupo Veneranda, mke wa pili, ambaye padri hakuwahi kuambiwa habari zake. Picha nyingine ya Masolwa haikuwapo duniani. Wembe ukiteleza, wajukuu watasimuliwa tu kwamba babu alikuwa na pua.

"Nataka kuitundika ukutani," Koleta alisema. "Huyo mwanamke simtaki ndani kwangu. Alinitosha alipokuwa uani."

Zeyana akakata karatasi nyeusi, akamfunika Veneranda. Akatazama. Bila Veneranda, Masolwa alikuwa ameinama upande, magoti yamelegea, koti linampwaya.

"Mama, njoo uangalie kabla sijakata."

Koleta akaangalia. Akaiondoa karatasi, akairudisha, akaiondoa tena.

"Mume wangu alikuwa anasimama mwenyewe," alisema.

Zeyana akaweka wembe chini.

"Picha hii ni ya mwezi wa nane," Koleta aliendelea. "Wa tisa tukamzika. Mimi mwezi wa nane nilikuwa kwetu Goweko, nimenuna. Nilisema akinitaka atanifuata kwa miguu yake."

Akaitazama ile miguu muda mrefu. Zeyana akauliza taratibu kama akate au asikate.

"Mwache shetani huyo," Koleta alisema. "Mwache hapo hapo, aendelee kumshika."