Siku Marisau Yalipovunja Vioo vya Madame

Siku niliyovunja vioo vya watu kwa bastola naikumbuka vizuri, mwanangu, na wala sioni haya kukusimulia, maana leo naringa nayo. Cheka tu. Mimi wa Sikonge, Tabora, mjukuu wa mwindaji wa gobore, miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa mwanafunzi hapa Brussels, nimepanga chumba Saint-Gilles, kichwa kimenivimba hasa.

Jumamosi nilikwenda kumsaidia Papa Kalenga, mzee Mkongo wa Likasi aliyestaafu ufundi wa mitambo. Alikuwa amekodi banda la matofali na ua nje kidogo ya mji, kwa Madame mmoja mjane wa Kibelgiji, akifuga kuku. Sasa panya wakaingia. Wakubwa, wasio na adabu hata kidogo! Walikula mayai, wakala na vifaranga. Sumu hatukuweza kuweka kwa sababu ya kuku, na mitego walishaizoea. Madame akasema panya wasipoisha kabla ya Pasaka, Papa ahame. Na tangu mkewe afariki, wale kuku ndio waliokuwa wakimwamsha mzee yule asubuhi akatoka kitandani.

Papa alikuwa na bastola ya kizamani, ya kushindilia baruti nyeusi, na karatasi zake zote za ruhusa. Badala ya risasi alitia marisau, zile punje ndogo za kupigia ndege. Shida yake, yalitawanyika mno: panya wa katikati anabaki mzima, anakutazama. Papa hakuwa na haraka. Alitundika gazeti ukutani, akahesabu hatua saba, akapiga mara moja, kisha akakaa na kalamu akizungushia matundu. Anapunguza baruti kidogo, anabadili kizibo cha sufi kinachotenga baruti na marisau, anatundika gazeti jingine. Mimi nikachoka. Babu yangu hakuwahi kupigana na gazeti!

Basi Papa alipotoka kuchota maji, nikashindilia mwenyewe, na baruti nikaizidisha kama nilivyoona kwa babu. Gobore lina mtutu mrefu, linavumilia. Ile bastola ni fupi, na ndani ina mifuo, mifereji myembamba inayozungusha kinachopita. Ukizidisha nguvu, marisau yanakimbia kila upande. Hilo sikulijua, na sikuuliza. Panya akatokea karibu na mlango uliokuwa wazi, nikafyatua. Moshi ukajaa banda zima. Panya akaondoka zake bila wasiwasi. Kule nje nikasikia vioo vinaanguka: kibanda cha vioo cha mizabibu ya Madame, vioo vinne chini.

Papa alirudi mbio, maji yamemwagikia miguuni. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Na kama Madame angekuwa mule ndani?" akauliza.

Nikaanza kujitetea: bastola yenyewe mbovu, na tena tungeweza kusema ni watoto wa jirani wamerusha mawe. Hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni.

"Bon, sikia, mutoto yangu. Ma-vitre, ile vioo, tutaweka ingine. Lakini ni weye ulipiga, donc ni weye utaenda kusema. Ukisema uwongo kwa jina yangu, hapa usirudi tena."

Nikavuka ua ule nikijua kwamba kwa maneno yangu mwenyewe naweza kumnyang'anya mzee makazi ya kuku wake. Nilibisha hodi, nikamweleza Madame yote kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Akasema vioo nitavitia mimi, na kwamba bado anataka panya waishe.

Wallahi, nilivitia kwa mikono hii. Kisha kila Jumamosi, mlango umefungwa, nilitundika magazeti na kumuuliza Papa kila hatua: baruti kidogo zaidi, kizibo kizuri zaidi, hatua mbili mbele, mpaka matundu yote yakakusanyika katika upana wa kisahani cha chai. Ndipo nikawageukia panya, nao wakaanza kupungua. Wiki moja kabla ya Pasaka Madame alikuja na tochi, akamulika kila pembe, asione hata mavi yao. Akamwambia Papa abaki, tena akampongeza kwa shabaha.

"Si miye," Papa akasema, akanisukuma mbele. "Ni huyu. Ndiye alivunja, ndiye alitengeneza. Ni mutoto yangu."

Nilisimama pale kifua mbele, mwanangu, na shahada yangu ya chuo sijawahi kuifurahia hivyo.

Basi nisikilize. Ujuzi wa kwenu usiuonee haya. Mimi babu yangu najivunia mpaka kesho. Ila ukiupeleka kwenye chombo kigeni, ujaribu kwanza pasipo na mtu wa kuumia, na mwenye chombo muulize, hata kama swali linakushusha. Na siku ukivunja, maana utavunja, nenda kabishe hodi mwenyewe kabla hujaanza kutunga maneno. Mungu akupe mkono mtulivu, akupe mzee wa kukukatalia uongo, na akujalie kusimama mbele ya watu ukasikia mzee huyo anasema wewe ni wake.