Dilolo Kumi na Sita

Kila ninaponusa kuku akikaushwa juu ya makaa kwa chumvi na pilipili, moyo wangu unajua kuna mtu anasafiri. Nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mama alipima njia kwa kuku. Kwenda Dilolo kwa dada yake, treni ilikula siku nzima: safari ya kuku mmoja. Kwao Kasai, kuku wanne. Basi baba, karani wa mgodi, alipochaguliwa pamoja na wenzake wachache kupelekwa Brussels kwa ndege, mama aliuliza swali moja tu: kuku wangapi?

Nilikuwa darasa la tano, na kwa kugawanya nilijiona sina mpinzani. Mtawa aliyetufundisha alinipa umbali kutoka Elisabethville, ambako ndege ingeondokea, kilomita kama elfu saba, na ndege ikienda mia tano kwa saa. Saa kumi na nne! Hata siku nzima haifiki: kuku mmoja. Mama akachukua elfu saba zilezile, akaniamuru nizigawanye kwa njia ya Dilolo. Zikatoka Dilolo kumi na sita, yaani kuku kumi na sita. Akalitazama banda lake kwa huzuni.

"Kuku moja tu mpaka Bulaya? Mutoto, uko nadanganya tata yako!" mama alisema, akimwonyesha baba kwa kidole.

Baba akacheka. Wasichana wengi wa kambini waliishia darasa lile, na jirani yetu mmoja alikwisha kumwambia kwamba kunisomesha zaidi ni kutwanga maji kwenye kinu. "Kama hesabu yako iko ya kweli, utaendelea na masomo," baba aliniambia. "Kama hapana, utabakia hapa na mama."

Mama alikausha kuku wanne, kama wa kwenda Kasai. Mmoja alimpa baba mkononi, watatu akawaficha sandukuni chini ya koti. Akiba haiozi, alisema, ikitiwa chumvi ya kutosha.

Baba na wenzake waliondoka kwa ndege Jumatatu. Baadaye habari ikafika ofisini: wametua Brussels Alhamisi. Kambi nzima ikahesabu siku kwa vidole. Yule jirani akaniletea mchi mpya, zawadi ya kuanzia kazi, nami nikalia mpaka macho yakavimba.

Baba aliporudi hata hakukaa. Alinipa kikaratasi alichoandika kila saa ndege ilipoacha ardhi na kila saa ilipoigusa. Nikajumlisha mbele ya majirani wote: saa kumi na nne na dakika chache. Muda uliobaki ndege ilikuwa chini, jangwani, injini ikitengenezwa, na abiria, weupe kwa weusi, wakigawana kuku wa mama.

"Mutoto alijua ndeke," baba alisema. "Mama yake, yeye alijua safari."

Sijawahi kuwaonea fahari watu wawili kama siku ile. Niliendelea na shule, nikafundisha hesabu hadi kustaafu, na mchi ule umetwanga sombe nyingi, majani ya muhogo, za kuwakaribisha wanafunzi wangu. Leo simu ya mjukuu wangu inamwambia saa na dakika za kufika Brussels bila yeye kugawanya chochote. Namwambia imesema kweli. Kisha namkaushia kuku wanne.