Vidole Visivyosikia Moto

Kwa miaka mingi niligeuza chapati kwa vidole, mbele ya nyumba yetu hapa Buguruni. Miongoni mwetu wapika chapati, anayeshika mwiko huhesabiwa kuwa bado anajifunza. Kwa hiyo, kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wangu wa kulia vilipoacha kusikia moto, sikuona ugonjwa. Niliona ufundi umekomaa. Jirani yangu muuza uji aliwaambia wateja, "Huyu ana mkono wa chuma. Mpeni kaa la moto awashikie!" Nami niliikandamiza chapati kikaangoni mpaka wakapiga kelele wao.

Usiandike kwamba nilijisifu, mjukuu wangu. Andika kwamba niliwaonyesha.

Aliyeiharibu sifa hiyo ni mkwe wangu, mama yako. Asubuhi moja aliushika mkono wangu, akaugeuza.

"Mama, kidole hiki kimeungua."

Lengelenge lilikuwa limetuna kwenye ncha ya kidole cha shahada, nami sikuwa na habari nalo. Nilimwambia asinitafutie maradhi mbele ya wateja. Akajibu kwa adabu, "Basi nisaidie kumfunga mtoto kifungo hiki." Kifungo kikaniponyoka, nami sikujua kimeponyoka mpaka nilipokitazama. Hapo niliogopa. Chapati ndizo zilizonilelea watoto baada ya baba yao kufariki. Nikipoteza mkono huu, nitakuwa mtu wa kulishwa.

Kwenye zahanati, daktari mdogo kuliko binti zangu aliniamkia, kisha akanigonga taratibu katikati ya kifundo cha mkono. Vidole vile vitatu vikapigwa kama na umeme. Kidole kidogo cha mwisho hakikusikia lolote.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Napika chapati."

"Unga unakanda mwenyewe?"

"Akande nani?"

Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu hutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, ikashuka begani na mkononi hadi kwenye ncha za vidole. Hiyo ndiyo inayopeleka amri za ubongo, na ndiyo inayorudisha habari za vidole. Mmojawapo hupita kwenye njia nyembamba hapo kifundoni, na kukanda kwa miaka yote hiyo kulikuwa kumeubana.

"Moto unakuunguza kama unavyotuunguza sisi," alisema. "Tatizo ni kwamba kichwa hakipati habari."

Nilimwuliza kama vidole vitarudi. Alisema huenda, mshipa ukipata nafasi. Nikiendelea kukanda, asingeniahidi kitu. Alinipa kibao cha kufunga kifundoni wakati wa kulala.

Nilimkabidhi mkwe wangu sinia la unga. Alikanda unga mgumu, na nilimwambia hivyo kila siku. Mimi nikashika mwiko.

"Jamani, fundi amerudi shule!" jirani akatangaza.

"Sikuwahi kwenda," nilimjibu. "Nitarudije?"

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha siku mwiko uliponiteleza. Kwa mazoea niliidaka chapati kwa vidole, na papo hapo nikaitupa huku nikipiga ukelele. Wateja walicheka. Jirani akaweka chini kata yake ya uji.

"Mkono wa chuma umeyeyuka!"

Nilikuwa nikivipuliza vidole, kimoja baada ya kingine, na vyote vitatu vilikuwa vinauma.