Mkato wa Tupa

Orrin Tveit ana alama kwenye kila kitu chake. Shika kijiko chake, funguo zake, kifuniko cha birika, utakuta pembeni mkato mdogo wa tupa ya kusugulia chuma, unaousikia kwa ukucha kabla hujauona. Kwenye chakula cha kanisani, uma za Orrin hazipotei. Watu wa bonde lile la Montana humcheka, naye huwaacha wacheke, kwa sababu wakicheka hawaulizi.

Zamani alama ile ilikuwa ya risasi tu. Orrin ndiye aliyejaza upya maganda yaliyotumika, kuwa risasi za nyumba mbili, zake na za mdogo wake Delmar, kwenye meza moja gerejini. Bunduki ya Delmar ilikuwa ya kawaida, maganda yake yakiokotwa kila mahali. Ya Orrin ilikuwa ya Kijerumani, baba yao alirudi nayo kutoka vitani, na maganda yake yalikuwa adimu. Basi Orrin alichukua maganda ya aina ya Delmar, akayapanua shingo yashike kichwa kinene zaidi, kile cha bunduki yake. Ubaya wake ni kwamba kitako cha ganda hakibadiliki. Namba iliyogongwa kiwandani inabaki pale pale, ikidanganya: mimi ni la Delmar. Ndiyo maana kila ganda alilolibadilisha alilikata ukingoni kwa tupa. Lenye mkato ni la Orrin, laini ni la Delmar. Sheria hiyo familia nzima iliijua: pitisha ukucha ukingoni kabla ya kupakia.

Miaka thelathini na moja iliyopita, mwezi wa Novemba, Delmar alichota risasi kwenye kopo pale mezani, zilimochanganyika za wote wawili, akapanda mlimani kuwinda. Kulungu akatokea. Komeo la bunduki likagoma, Delmar akalisukuma kwa kiganja, maana kwenye baridi ile kila chuma hugoma. Kichwa kinene ndani ya mtutu mwembamba hakina pa kwenda. Bunduki ikampasukia usoni.

Mazishini kila mtu alisema lile lile: Delmar na haraka zake, hakupitisha ukucha. Orrin alisimama kando ya jeneza. Hakusema uongo, lakini wala hakuwakatiza. Fungu la mwisho la maganda alikuwa amelipanua siku moja kabla, na hakukumbuka kama alilikata. Aliikumbuka sauti ya tupa, krii, krii, ila hakujua ni ya siku ile au ya siku nyingine. Tangu hapo sauti hiyo haijamwacha. Humjia akinyoa ndevu, akimimina kahawa, mchana kweupe. Akiketi gerejini husikia na ukucha ukipapasa ukingo wa shaba, tik, ukitafuta, tik, ukitafuta tena. Anajua ni ukucha wa nani. Amekata vitu vyote vya nyumba yake, na ukucha bado unatafuta.

Jumamosi iliyopita Lavonne, mjane wa Delmar, alikuja na mkate wa viazi na koti la sufu begani. Alikuwa ameuza nyumba, anahamia kwa binti yake.

"Shemeji, bado unatafuna vijiko?" akasema, akiupapasa mkato wa kijiko cha kahawa.

"Si wewe uliyenibebea viwili Krismasi?"

"Niliviazima! Haya, chukua koti hili. La Delmar. Aliliacha kwenye gari siku ile, nikalitupa sandukuni. Livae wewe, kuliko liliwe na nondo."

"Hukuligusa tena?"

"Na hasira zile? Ningempata yule mwanaume leo ningemzaba kibao. Ukucha tu, Orrin! Kupitisha ukucha tu! Wanangu wamekua wakijua baba yao alikufa kwa uzembe, na aliyewaambia ni mimi."

Akaenda kupasha mkate moto. Orrin akalipeleka koti gerejini kulitundika, na mfuko ukagonga meza. Ndani mlikuwa na risasi tano. Akazisogeza dirishani. Namba ya Delmar kwenye kitako, vichwa vinene. Akapitisha ukucha ukingoni, akazunguka, akazunguka tena. Laini. Zote tano laini.

Kwenye kopo lile la mchanganyiko, mkono usiochagua usingetoka na laini tupu. Mdogo wake alikuwa amepitisha ukucha, na ulaini ule ukamwambia, hizi ni zako.

Tupa ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Mikato mitano, grisi kidogo juu yake, na Lavonne asingejua ipi mipya ipi ya zamani. Hakuna aliye hai ambaye angejua. Orrin akaishusha, akashika risasi ya kwanza, akauweka ubapa wa tupa ukingoni. Hapo ndipo ule ukucha ulipoacha kutafuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile gereji ilinyamaza kabisa, na Orrin akaogopa ukimya ule kuliko alivyowahi kuogopa sauti.

"Orrin! Mkate unapoa!"

"Njoo huku, Lavonne."

Akaja akijifuta mikono. Orrin akaiweka tupa chini, akampa risasi, akamshika kidole gumba na kukizungusha ukingoni polepole.

"Mfukoni mwa koti zilikuwamo tano kama hii. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Laini tu."

"Zunguka tena."

Akazunguka tena. Akakitazama kichwa kinene cha risasi, akalitazama koti mezani, na kidole kikasimama.

"Alipitisha," akasema.

"Alipitisha, shemeji. Ni mimi ambaye sikukata."